Neno Lililobaki

Kiharusi kilipita Uru mwezi wa masika,
kikamkuta mama yangu Ndeanasia akikatia ng'ombe majani.
Kikachukua mkono wa kulia, mguu wa kulia,
nusu ya tabasamu
na maneno yote,
ya Kiswahili na ya nyumbani.
Yote, isipokuwa moja.

Aika.
Ndiyo asante yetu Wachaga.

Akitaka maji, aika.
Uji ukimchoma ulimi, aika.
Kuku akipanda mezani, aika! kwa ukali ule wa zamani,
na kuku anashuka,
maana kuku hajui lugha, anamjua mama.
Daktari kijana pale KCMC alisema hutokea:
kichwa hubakiza kilichotumika sana,
kama njia ya ng'ombe, nyasi haziioti tena.
Nikasema moyoni, basi mimi ningebakiwa na tusi.

Mimi ni fundi cherehani. Nilikuwa na kibaraza Kiboriloni.
Sasa cherehani iko sebuleni,
nashona sare za shule kati ya dozi na dozi.
Nimepima mabega ya nusu ya wanawake wa tarafa hii,
lakini hakuna aliyenifundisha kumwogesha mama.
Siku ya kwanza nilifumba macho.
Akanizaba kofi dogo kwa mkono ulio mzima, aika,
yaani, fumbua, mjinga, utanimwagia maji masikioni.

Chumba cha pili yuko kaka yangu, Kundaeli.
Sukari imemla vidole viwili vya mguu.
Nikifungua bendeji yeye hutazama dari
na kuniuliza matokeo ya mpira.
Vidonge navipanga kwenye trei ya mayai:
safu ya mama, safu ya kaka,
na tangu Agosti tundu moja la pembeni, langu, la presha.

Jumuiya huja Jumamosi. Wanaimba, wanakunywa chai,
wanatuambia tushukuru kwa kila jambo.
Kwa kila jambo?
Nikachukua daftari ninaloandikia vipimo vya wateja,
nikaandika kwa haki, kama mwenye duka anavyoandika madeni:

Mkojo wa mama leo ni mweupe.
Mama Ndesario kaleta ndizi za mtori, kaziweka mlangoni,
hakukaa, hakunipa pole.
Kidonda cha kaka kina wekundu ndani, ule mzuri.
Kibo kilitoka mawinguni asubuhi, dakika nne hivi.
Nilikuwa naanika mashuka. Nilikiona.

Mashuka yenyewe sikuyaandika.

Kisha ule usiku. Umeme umekatika,
shuka la tatu limelowa, mvua inapiga bati,
na mimi nikampigia kelele mama yangu.
Nilisema neno ambalo hapa siliandiki.
Kundaeli akazima redio yake ya betri.
Gizani, polepole, kutoka kitandani:

aika.

Nimeligeuza neno lile kama kitambaa, uso na mgongo.
Mpaka leo sijui
alikuwa ananishukuru, au ananilaani,
au alikuwa na kiu tu.
Nilimpa maji. Akanywa yote.

Alfajiri nilikwenda mpakani mwa kihamba,
nikakata jani la isale, nikalifunga fundo
kama walivyofanya babu zetu waliokosana,
nikaliweka juu ya mto wake, nikasimama
kama mtoto aliyevunja chungu.
Akalishika kwa mkono wa kushoto. Akalitazama sana.
Kisha akafukuzia nzi.

Nikacheka. Naye nusu ya mdomo ikapanda,
nusu nyingine ikabaki ilipo.
Nikamsogezea kikombe cha uji.
Aika, akasema.
Ulikuwa wa moto.
Nikaupuliza.